Mkwe Ndani ya Debe la Unga

Mzee Mwambuluma alikuwa amekufa huu mwaka wa pili, na bado kila asubuhi, kabla ukungu haujaachia migomba ya Isenga, aliwasalimia wajawazito wote wa kijiji, mmoja mmoja, kwa majina yao.

"Ugonile, mwanangu? Umeamkaje leo?"

Sauti ilitoka ndani ya ushanga mweusi, mkubwa kama punje ya mahindi, uliofungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono. Mama akijibu, jibu lake lilipanda mlima hadi Nyumba ya Wazazi, likaingia ndani ya mashine iliyoitwa Msikizi, naye Msikizi akaliwashia taa ubaoni: kijani kwa aliye salama, njano kwa wa kuja kutazamwa, nyekundu kwa wa kufuatwa na gari mbio.

Asubuhi ile zamu ya ubao ilikuwa ya Tusekile, bintiye marehemu. Wazazi wa Isenga walipokezana zamu hiyo, akina mama na akina baba, kwa sharti moja tu: uwe umepata mtoto katika nyumba ile na mtoto huyo awe bado hajaanza shule. Waliiita zamu ya masikio. Tusekile aliketi mbele ya ubao, mwanawe Lugano mgongoni, akimsikiliza baba yake akitoka nyumba hii kwenda ile. Lugano hakuwa na kumbukumbu ya babu yake, lakini sauti ile ikianza tu, kichwa chake kililegea, akalala.

"Kijani tupu," alisema Mkunga Nsia, akiingia na beseni la vifaa vilivyochemshwa. Nsia alikuwa Mchaga wa Rombo, mwenye mikono myepesi na ulimi usio na breki. "Wilaya nzima hakuna ubao kama huu, Mama Lugano. Mwezi ujao wageni wanakuja kutupiga picha."

Tusekile alicheka. Ilikuwa haki yao kujivuna. Msikizi wa kwanza, aliyeletwa na watu wa mjini, hakuwa akiuliza kitu; alihesabu mapigo ya moyo na joto la ngozi, akaamua mwenyewe. Ndiye aliyemwambia Tusekile kwamba bado, arudi nyumbani, siku ambayo Lugano alizaliwa koridoni juu ya koti la baba yake. Tusekile alikuwa akipiga kelele, "Anakuja! Nawaambia anakuja!" na mashine ikawa imeng'ang'ania kijani chake. Baada ya hapo wazazi wakagoma, wakaunda kamati, wakabishana na wahandisi mpaka wakapata walichotaka: neno la mama liwe juu ya vipimo vyote. Mama akisema ni mgonjwa, ni mgonjwa. Akisema ni salama, ni salama.

Na walipoulizwa ni sauti gani iwaulize wajawazito, hakuna aliyefikiri mara mbili. Mzee Mwambuluma alikuwa mtangazaji wa redio ya kijiji maisha yake yote; alitangaza bei ya chai, misiba, na ng'ombe waliopotea, kwa sauti ya moto wa taratibu iliyomfanya hata mwenye ng'ombe aliyepotea ajisikie nafuu. Akiwa kitandani, mwezi wake wa mwisho, aliwarekodia maneno yote waliyohitaji. "Angalau nitapata kazi isiyo na kustaafu," alisema, akakohoa, akacheka.

Ubaoni taa ya Atuganile, mke wa kaka yake Tusekile, iliwaka. Jibu lilikuwa neno moja, dogo, kama limesemwa kutoka ndani ya kisima.

"Salama."

Kijani.

*

Zamu ilipokwisha, Tusekile aliteremka kwenda kwa Atuganile, na hakwenda kwa heri. Mama yake ndiye aliyemtuma.

"Nenda ukamwulize wifi yako," mama alikuwa amesema, akimenya ndizi kwa hasira mpaka maganda yakaruka. "Mwulize baba yako alimkosea nini. Nimekwenda pale juzi, nimeona kwa macho yangu: ushanga ameutia ndani ya debe la unga, akafunika na mfuniko, juu ya mfuniko akaweka jiwe la kusagia. Sauti ya baba yako! Watu wanailia, yeye anaifukia kama panya."

Atuganile alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, akichambua maharage. Mumewe Ambokile alikuwa kiwandani kwenye chai.

"Karibu, wifi. Umekuja kunisalimia au kunilia maharage?"

"Yote. Maharage kwanza."

"Basi kaa uchambue. Mwili huo wote, na mkono wa kazi huna."

"Mwili gani? Jitazame wewe ulivyojaa kama..." Tusekile akakatiza utani. Alikuwa ameiona miguu. Ilikuwa imeumuka kama maandazi, ngozi inang'aa, na kamba za ndala zilikuwa zimezama kwenye nyama. "Atuganile, miguu hiyo tangu lini?"

"Ni mimba, wifi. Salama tu."

"Ushanga wako uko wapi?"

Atuganile aliinama juu ya ungo. "Upo."

"Upo wapi? Upo mkononi, au upo kwenye unga unakanda chapati?" Tusekile alisikia sauti yake ikipanda, na hakuizuia. "Kama humpendi baba, sema. Tuliokuwa tunamlisha uji kwa kijiko ni sisi, hukuonekana hata siku moja..."

Hapo debe likazungumza.

Mimba zilizopita miezi sita ziliulizwa mara mbili kwa siku, na saa ya kuulizwa mara ya pili ilikuwa imefika. Sauti ilitoka chini ya jiwe, chini ya mfuniko, chini ya unga, imezibwa lakini ni ile ile: "Ugonile, Atuganile mwanangu? Umeendeleaje?"

Atuganile aliruka. Mwanamke aliyekuwa hawezi kuvaa ndala aliruka, ungo ukamwagika, akajivuta khanga kichwani mpaka ikafunika uso, akakimbilia nyuma ya mlango. Akapiga magoti pale, mgongo kwa debe, akajikunja mpaka akawa mdogo. Kwa sauti ile ya kisimani akasema, "Salama."

Debe likanyamaza. Atuganile akabaki vile vile, ameinama, kama anayesubiri mtu apite.

Tusekile aliyatazama maharage yaliyotawanyika. Hasira yote ilimtoka miguuni.

"Unamtila," alisema polepole.

"Sasa nifanyeje, wifi?" Atuganile alijibu kutoka nyuma ya mlango. "Ni baba mkwe."

Kumtila mkwe ni jambo ambalo Tusekile alilijua tangu anatambaa. Mkamwana hakutani na baba wa mumewe njiani, hamtazami usoni, hataji jina lake, hakai palipo na sauti yake. Si chuki, ni heshima iliyo nzito kuliko zote. Ndiyo maana Atuganile hakuonekana na kijiko cha uji. Hakuweza hata kuingia chumba kile. Na Tusekile, binti wa nyumbani, aliyekuwa huru kukaa miguuni pa baba yake akipigwa kofi la mapenzi, hakuwahi kufikiri, hata siku ile aliponyoosha mkono kamatini, kwamba walikuwa wanampeleka mzee chumbani kwa wakamwana zake kila asubuhi.

"Lakini unajua si yeye. Ni mashine."

"Najua ni mashine, wifi. Nimesoma kama wewe. Magoti yangu ndiyo hayajui."

"Na salama hiyo unayoijibu?"

Khanga ikatikisika, na Tusekile akatambua kwamba wifi yake alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba, shikamoo baba, usiku nimekojoa mara saba? Kwamba tumbo linanibana huku chini? Kwamba kichwa kinagonga na machoni naona nyota mchana? Nimwambie baba mkwe?"

Tusekile alikuwa ameshamfungua Lugano mgongoni ili apate nafasi ya kumnyanyua mtu mwingine. "Nyota," alisema. "Simama. Twende."

*

Nsia alipima presha, akapima tena mkono wa pili, kisha akaacha kuongea, na Nsia akiacha kuongea jambo si dogo. Alimlaza Atuganile kwa ubavu wa kushoto, akamdunga sindano, akavuta pazia.

"Presha ya mimba," alisema walipofika kwenye ubao. "Tumeiwahi, ila bado wiki nyingi. Ikishuka atarudi nyumbani, vitanda unaviona. Huko nyumbani lazima awe anasema kila siku kichwa kikoje, macho yakoje. Asiposema, tutamkuta ameanza kifafa." Akaupiga ubao kofi dogo. "Na vipimo vya ushanga vilikuwa vinapanda wiki nzima. Nimeviangalia sasa hivi. Lakini alisema salama, na ninyi mlitaka neno la mama litawale."

"Tulitaka. Na bado tunataka."

"Sikulaumu, mama. Nauliza tu. Ni huyu mmoja tu?"

Tusekile aliinua macho ubaoni. Isenga nusu yake ni Mwambuluma. Mkamwana humtila mkwe wake, humtila na ndugu za mkwe wake. Akaanza kugusa taa kwa kidole. Mke wa mtoto wa baba mdogo. Mke wa mjukuu wa baba mkubwa. Huyu. Huyu. Na huyu, anayekaribia kujifungua. Vijani vizuri, vimetulia, vinang'aa. Alikuwa akivitazama asubuhi zote akiona afya. Sasa aliona wanawake nyuma ya milango, wamejifunika khanga.

"Tubadilishe sauti," alisema.

Alijua maana yake. Nyumba ya Wazazi moja, sauti moja. Wazazi walitaka hivyo ili mama asije akadanganywa na sauti asiyoijua. Na sauti ya marehemu ni ya ndugu zake. Wakiiondoa, sheria inataka ifutwe siku hiyo hiyo, isibaki chembe, kwa sababu huko mijini sauti za wafu zilikuwa zimeanza kupiga simu kuwatapeli wajane. Hapangekuwa na kurudi nyuma. Hapangekuwa na "Ugonile" nyingine, wala kichwa cha Lugano kulegea. Na mama yake, mjane, aliyepewa ushanga na kamati japo hakuwa na mimba, angeamka kwenye nyumba iliyonyamaza.

Nsia alimtazama, kisha akasogea karibu, sauti chini.

"Kuna njia nyingine. Ushanga hufungua sikio ukiuliza, hufunga ukijibiwa. Lakini sikio linaweza kuachwa wazi kutwa. Kitufe hiki hapa. Atuganile hawezi kumwambia mzee, ila wewe amekuambia, sivyo? Na mumewe atamwambia, na shoga yake kisimani. Msikizi atasikia yote, atawasha njano. Sauti ya baba yako inabaki, na akina mama wanapona. Hakuna atakayejua."

Tusekile alikitazama kitufe. Kilikuwa kidogo, cha kawaida, kimechakaa pembeni. Hakuna atakayekufa na hakuna atakayelia. Hata mama yake angeendelea kumenya ndizi akiongea na mumewe. Kidole chake kilikuwa kimeshasogea.

Nyuma ya pazia Atuganile akaita, sauti ya dawa na usingizi. "Wifi? Yale niliyokuambia. Ni yako na yangu, eh?"

Kidole kikasimama.

Yale aliyaambiwa kwa sababu alikuwa yeye, kwa sababu maharage yalikuwa yamemwagika na mlango ulikuwa kati yao. Kama sikio lingekuwa wazi kutwa, lingesikia hayo, na ugomvi wa Ambokile, na maneno ya kitandani, na siri za kisimani, na yote hayo yangeingia masikioni mwa baba mkwe. Wanawake wale walikuwa wamejificha nyuma ya mlango. Yeye angekuwa ametoboa tundu kwenye mlango.

"Hapana, Sista," alisema. "Nitaongea na mama."

*

Mama yake alikuwa uani, juu ya kigoda, ndizi zimeloweshwa kwenye sufuria. Ushanga ulikuwa mkononi mwake, umesuguliwa kwa mafuta mpaka unang'aa.

"Umemgombeza?"

"Nimempeleka hospitali."

Akamweleza. Alijaribu kuanza kwa kuzunguka, lakini mama hakuwa mtu wa kuzungukwa, kwa hiyo akasema yote: debe, khanga, magoti, lile "Salama". Siri ya maumivu hakuitaja. Alisema tu kwamba Atuganile ni mgonjwa na hakuweza kusema.

Mama aliinama juu ya sufuria. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Tusekile akamshika mkono akidhani analia.

"Ndani ya debe la unga!" mama alisema, na kicheko kikamtoka cha kutoa machozi. "Amempa mkwe wake chumba! Akamfungia na mlango! Nami nazunguka kijiji kizima nasema huyu mtoto hana adabu." Akajifuta macho kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi. "Mimi nilimtila babu yako miaka na miaka, sikuwahi kufikiria debe."

Wote wawili wakacheka mpaka Lugano akacheka bila kujua sababu. Kisha kicheko kikaisha, na ikabaki ile kazi.

"Mama, sauti ikitoka, inafutwa."

"Najua. Nilitia dole gumba kwenye fomu yao."

"Hatutaisikia tena."

"Nimekuelewa, Tusekile." Mama aliugeuza ushanga kwenye kifundo chake. "Unajua baba yako alikuwa anakohoa."

"Mwishoni, ndiyo."

"Sio mwishoni. Tangu Ambokile aoe. Akitoka hapa kwenda redioni, akifika pale kona ya mparachichi, anakohoa mara mbili. Kwanza, kabla hajatokea. Ili kama mkamwana yuko njiani apate muda wa kuingia kwenye migomba. Na kama amebeba maji, mzee ndiye anaingia kwenye migomba. Mara ngapi amerudi hapa suruali imejaa umande! Mtangazaji mzima!" Alitikisa kichwa. "Alikuwa na adabu, mume wangu. Sasa tazama tulivyomfanya. Anaingia chumbani kwa mkamwana bila kukohoa, kila asubuhi, anamwuliza habari za tumbo. Kama angekuwa hai angekufa kwa aibu."

Alifungua uzi wa ushanga kwa meno, lakini hakumpa binti yake. Aliufumba mkononi.

"Mtoeni," alisema. "Ila nipe kesho asubuhi. Sijawahi kumjibu vizuri. Kila siku ananiuliza umeamkaje, namjibu salama, eti asiwe na wasiwasi. Kesho nitamjibu."

Kesho yake Tusekile hakwenda uani alfajiri. Alisimama mbali, upande wa chini wa migomba, mahali ambapo maneno hayafiki. Aliona tu midomo ya mama yake ikienda, ikienda, ndizi ikiwa mkononi haijamenywa, mpaka jua likakausha ukungu wote.

*

Kamati ya wazazi ilikutana Jumamosi, ukumbini, watoto wakitambaa chini ya mabenchi. Swali lilikuwa jepesi na halikujibika: sauti ya nani?

"Yangu," alisema Baba Mwakatobe, aliyekuwa na pacha wawili mapajani. "Mke wangu anasema ni tamu."

"Wewe una wadogo zako wamekufuata kuoa, wake zao wanakutila," mkewe alimkata. "Na mimi lazima niseme hivyo, nalala na wewe."

Wakapita mzee mmoja hadi mwingine, wakaona kila mwanamume wa Isenga ni mkwe wa mtu au ndugu wa mkwe wa mtu. Mama wakwe je? Chumba kizima kikaguna. Hakuna mtu anayemweleza mama mkwe ukweli wa mwili wake akataka kuishi kwa amani. Ndipo mwanamke mmoja wa nyuma, mke wa mjukuu wa baba mkubwa, ambaye taa yake haikuwahi kubadilika rangi, akasimama. Hakuwahi kuongea katika mkutano.

"Wifi," alisema. "Wifi hatilwi. Wifi unagombana naye, unamlia maharage yake, unamwambia yote. Nataka niulizwe na wifi."

Wote wakageuka kumtazama Tusekile.

Alirekodi siku ile ile, Nsia akishika kinasa, huku mama yake amekaa kwenye kiti cha mlangoni kama mwenye arusi. Mama alikuwa na ombi moja kwa kamati, na kamati ilikuwa imelipitisha bila kupiga kura.

"Kohoa kwanza," alisema.

Tusekile akasafisha koo. Kilichotoka kilikuwa kikohozi kifupi, cha mara mbili, cha pili kimeshuka. Hakujua alikuwa nacho. Mama yake, pale mlangoni, alishika kizingiti.

"Hivyo hivyo," alisema mama. "Usibadilishe."

*

Presha ilishuka, Atuganile akarudi nyumbani. Siku chache baadaye Tusekile alikuwa kwenye zamu, Lugano mapajani akitafuna ncha ya khanga, alipoisikia sauti yake mwenyewe ikiteremka kutoka kwa Msikizi, ikashika njia ya chai hadi mlangoni kwa kaka yake. Haikuingia moja kwa moja. Ilisimama nje kidogo, ikakohoa: kikohozi kifupi, cha mara mbili. Kichwa cha Lugano kikalegea.

Kisha ikauliza, "Wifi, umeamkaje?"

"Salama," alisema Atuganile.

Taa haikuwaka. Hilo pia kamati ililiomba, na wahandisi walibisha sana kabla ya kukubali: kwamba Msikizi asipokee salama ya kwanza. Angoje, kama anavyongoja mtu aliyekuja kukaa.

Akangoja. Kwa mbali, ndani ya ushanga uliokuwa mkononi na si kwenye unga, ilisikika sauti ya maharage yakimiminwa kwenye ungo.

"Ila," alisema Atuganile, "hebu nikuambie, wifi. Kichwa hiki. Na macho. Tangu alfajiri naona kama vumbi la dhahabu..."

Akaendelea kusema, kwa sauti nzima ya mwanamke aliyekaa mlangoni kwake, na ubaoni taa ya njano ikawaka, kisha pembeni nyingine, ya mke wa mjukuu wa baba mkubwa, kisha nyingine. Ubao wa Isenga ukachafuka kwa njano mahali palipokuwa kijani tupu. Hakuna mgeni ambaye angeupiga picha.

"Sista!" Tusekile aliita, ameshanyanyuka, mtoto bega moja, funguo za gari mkono wa pili, na uso umemjaa furaha. "Sista Nsia, njoo uone! Wanaumwa! Wamesema!"